Kombe Ukutani

Mtanisamehe mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu naishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake, kwa woga asije akamwangusha. Herufi zangu nyingine zimelala, nyingine zimesimama, na mtakapokuta neno limekosewa, lisomeni kama lilivyopaswa kuwa. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunichukua toka chai ya asubuhi hadi wali wa mchana. Mkono wangu umezoea brashi, na brashi ndiyo iliyonitia katika haya ninayotaka kuyasema. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana tofauti na ya nyumba yoyote ya Kwale. Nitasema ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na minane, nikifanya kazi ya kutengeneza picha za vitambaa na karatasi. Ninaukumbuka kwa pua kwanza, na pua yangu haijausamehe.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Msambweni. Tulikuwa tumeketi mikekani, wanawake watupu, akaja binti na mrashi akaanza kuturashia marashi ya mawaridi, na kila mmoja akakinga viganja akajipaka usoni. Wengine husema hiyo ni harufu ya peponi. Mimi ikinifika tu, hutafuta mlango. Niliinuka kimyakimya, nikatoka uani, nikasimama karibu na masufuria ya pilau nikiuvuta moshi wa kuni kwa raha kama mtu avutaye hewa ya ufuoni. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Hata wewe bado?" Nikageuka. Alikuwa Mejumaa, niliyefanya naye kazi mwaka ule, amenenepa, ameziba pua kwa ncha ya leso. Tulicheka mpaka wapishi wakatukodolea macho. Kisha akaacha kucheka. "Ile picha hujaiona tena?" aliniuliza. Nikamwambia sijaiona. Akaniambia, "Mimi huiota," akaangalia upande wa watoto waliokuwa wakigombea ukoko, na mmoja wao, mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, alikuwa wake. Ndiyo sababu nimeketi kuandika.

Karakana yetu ilikuwa banda la kuku wa gredi, nyuma ya majumba, kwenye njia ya kutoka Ukunda kwenda Diani ufuoni. Kuku walikuwa wameondoka zamani, lakini walituachia harufu yao ndani ya kuta, na siku za mvua ilitoka upya kana kwamba kuku wamerudi na jamaa zao. Humo tulitengeneza picha za kuuziwa mahoteli. Leso kuukuu tulizinunua kwa watu, nyingine zingali na maziwa ya watoto waliolelewa nazo, tukazifua, tukazipaka rangi, tukazikata. Karatasi za mifuko ya simiti zilikuwa kuta za majumba. Trei za mayai tuliziloweka kwenye pipa hadi zikalainika kama ugali uliokwisha kutafunwa, tukazitwanga, zikawa mawe na mchanga wa picha. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Siku ya kwanza haina neno, yanukia kama uji. Siku ya pili inachacha. Siku ya tatu inatoa povu na uzi kama kamasi, na Bi Zuhura, mwenye karakana, hakukubali tuimwage hata siku ya tatu. Kucha zangu zilikuwa na gundi iliyooza mwaka mzima. Nikila wali kwa mkono, kila tonge lilikuja na harufu hiyo, na hadi leo kuna siku nikiuleta mkono mdomoni hunijia, ingawa mkono ni safi.

Tulikula humo humo, kwa sababu nje kulikuwa na jua na mbwa wa jirani. Chungu cha gundi na chungu cha chakula vilikaa mekoni pamoja. Siku moja Kevo, fundi wa fremu, kijana aliyetoka bara, alichovya mahamri kwenye gundi akidhani ni tui la mbaazi. Alitafuna akameza, akasema, "Manze, leo mmesahau chumvi." Mejumaa alianguka chini kwa kicheko. "Basi umekwisha, Kevo! Ndani umebandikika. Chakula kitaingia, kutoka hakitoki!" Kevo alikwenda nyuma ya banda akatapika, akarudi akasema hata kutoka kumetoka vizuri, asante kwa kuuliza. Ndivyo tulivyokuwa. Mimi nilikuwa sisemi sana. Mtu akiniuliza jambo nilijibu nikiangalia vidole vya miguu, na Mejumaa alizoea kunijibia. Alikuwa mkubwa kwangu, ameolewa, na mimba zilikuwa zikimtoka, moja baada ya nyingine, kabla tumbo halijaonekana. Mwaka ule alikuwa na nyingine. Asubuhi alitapika, mchana aliketi akishona huku mkono mmoja umeshika chini ya kitovu, kama mtu aliyebeba maji kwenye kitambaa.

Bi Zuhura alikuwa mtu wa pwani hii hii, hakuja kutoka mbali, na hilo ndilo linaloniumiza. Alikuwa na Kiswahili kitamu, kila mtu kwake alikuwa mwanangu, na ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa namna iliyokufanya ujione umependwa. Wageni wa hoteli walipokuja kutazama picha, alipita mbele yao na chupa ya marashi, akirashia sakafu, kuta, hata sisi, ili banda lisinuke. Marashi hayakuiondoa ile harufu. Yalikaa juu yake. Ulivuta waridi, kisha chini ya waridi ukamkuta kuku, na chini ya kuku ukaikuta gundi. Heri ningeambiwa nivute kuku peke yake. Mgeni mmoja alifumba macho akasema hapa pananukia historia, na Bi Zuhura akatafsiri kwetu kwa fahari. Kevo akanong'ona, "Historia ya mayai."

Ukaja wakati wa picha kubwa. Hoteli moja ya Diani ilitaka picha ya mtaa wa kale, kubwa kama ubao wa mlango, yenye mlango wa nakshi katikati na maandishi ya kizamani kutani. Bi Zuhura aliniita. "Mwanangu Mwanasha, wewe una mkono mwepesi. Nichoree maandishi. Chora kama Kiarabu, lakini kisiwe Kiarabu. Picha itakaa mahali watu wanapolewa, sitaki dhambi." Nilichanganya manjano ya jikoni na utomvu wa mkanju na shabu kidogo, nikachora kwenye karatasi nyeupe. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilisoma kidogo, kwa hiyo mkono ulikuwa ukitaka kwenda penye herufi ya kweli, nami nikiuzuia, nikiikata shingo kila herufi kabla haijawa neno. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilizianika kambani, karatasi nyingi, Mejumaa akasimama chini yake mikono kiunoni. "Haya ni maandishi gani, mdogo wangu? Ya majini wasiokwenda chuo?" Nilicheka, lakini usiku wake sikula.

Asubuhi moja Mejumaa alichelewa. Alipoingia alikuwa anang'aa. Alikuwa ametoka Mwabungo kwa mwalimu mmoja mzee, rafiki wa marehemu baba yake, amemwandikia kombe la kuishika mimba. Kwa wasiojua, kombe ni maneno ya Kurani yaliyoandikwa kwa zafarani, kwenye sahani au karatasi, yakaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akayanywa. Yule mzee alikuwa ameacha kuandika kwa sababu mkono ulikuwa ukimtetemeka. "Kwangu mimi ameandika," Mejumaa alituambia. "Alishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaandika hivyo, jasho linamtoka. Akasema hilo ndilo la mwisho, haandiki tena." Alitufunulia karatasi. Mistari ilipinda kama njia ya mchwa, lakini ilikuwa na rangi nyekundu ya jua linalochomoza, na hata Kevo asiyejua alif wala be alivua kofia. Mzee alikuwa amemwagiza: alinywe leo, baada ya sala ya adhuhuri, lisilale hadi kesho. Mejumaa alilitia kwenye sahani nyeupe, akaiweka rafuni penye dirisha, na chupa ya marashi pembeni.

Wakati wa adhuhuri nilikuwa nje nikisuuza leso. Mejumaa alikuwa chumba cha nyuma akisali. Yaliyotokea ndani aliyaona Kevo, naye ndiye aliyetueleza baadaye. Bi Zuhura aliingia, akazitazama karatasi zangu kambani, akasema, "Hizi zimekufa." Akaiona sahani. Akaiinua karatasi ya Mejumaa, akaipeleka kwenye mwanga, akasema, "Hii ina roho." Akaipaka gundi ya siku ya tatu, akaibandika juu ya mlango wa ile picha kubwa, akaipitishia kiganja. Kisha akachukua karatasi yangu moja kambani, akaikata kwa ukubwa ule ule, akaiweka kwenye sahani. Kevo alimuuliza, "Madam, hiyo si ya Mejumaa?" Akajibiwa, "Zote ni za Mwanasha, mwanangu. Endelea na fremu zako."

Nilipoingia na beseni la leso, Mejumaa alikuwa ameshatoka na mkeka wake wa sala, ameketi juu yake chini ya rafu, sahani mikononi. Alikuwa ameshatia maji na marashi, angali katika dua, bila kuikagua karatasi, na rangi imeshaachana nayo. Alisema bismillahi, akanywa funda kubwa, akakunja uso. "Mbona lina ladha ya mchuzi?" Akafikiri. "Maskini mzee wa watu. Zafarani siku hizi si ya kununulika, labda amelichanganya na manjano." Na kwa adabu, ili asimvunjie heshima mtu asiyekuwepo, akanywa lote. Akapitisha kidole ndani ya sahani, akakilamba, pasibaki tone la kukanyagwa. Niliiona ile karatasi iliyolegea ukingoni mwa sahani. Niliijua shingo ya kila herufi, mimi ndiye niliyeikata. Nikainua macho, nikaliona kombe juu ya mlango wa picha, linang'aa kwa gundi, na nzi amesimama juu ya mstari wa kwanza akisugua miguu. Bi Zuhura alikuwa amesimama kando. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mama anayewaficha watoto zawadi ya Idi.

Nimewahi kuona mambo machafu. Nimewahi kutoa funza kwenye kidonda cha mbuzi kwa mikono yangu. Hakuna kilichonichafua roho kama lile tabasamu, kwa sababu lilinihesabu na mimi kuwa wa kwake. Nilisikia sauti inapiga kelele, kumbe ni yangu. "Dada Mejumaa, tema! Hiyo ni yangu!" Akaniangalia. "Yako vipi?" Nikamwonyesha picha. Nilinyoosha kidole juu ya mlango. Alisoma mstari wa kwanza toka pale alipoketi, midomo ikitembea, kisha akaiangalia sahani.

"Bi Zuhura," alisema, pole pole sana. "Hilo ni kombe langu."

"Mwanangu, usipandishe presha, una mimba. Dua ni nia. Umeshanuia, umeshakunywa, Mungu anakuona. Karatasi ni karatasi."

"Kama karatasi ni karatasi, mbona hukuibandika ya Mwanasha?"

Mejumaa aliinuka akaenda penye picha, akaweka ukucha kwenye pembe ya kombe, ambayo ilikuwa bado mbichi. Hapo ndipo Bi Zuhura aliposema neno ambalo nimelibeba miaka yote hii. Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ile ya marahaba. "Bandua, mama. Lakini gundi imeshashika. Ukivuta litachanika, na likichanika, aliyechana maneno ya Mungu ni wewe, si mimi. Unataka hilo, na hali uliyo nayo?"

Ukucha wa Mejumaa ulibaki pale pale. Nilimwona akiomba nguvu za kuvuta na akiomba nguvu za kutovuta. Mwanamke yule aliyebandika kombe kwa gundi iliyooza, kwa ajili ya ukuta wa walevi, alijua kwamba sisi hatutathubutu, na alijificha nyuma ya heshima yetu kama mwizi ajifichaye msikitini. Kevo peke yake ndiye aliyesema. "Madam, hiyo ni kama kuiba dawa ya mgonjwa. Hata kwetu si poa." Aliambiwa wewe si dini yako, akasema ndiyo maana anamsikitikia mwenye dini. Mejumaa aliondoa mkono. Mstari wa mwisho ulikuwa umechuruzika, zafarani imeingia kwenye ua jekundu la leso iliyokuwa chini yake. Akachukua kile kipande changu kilicholegea, akakibana kiganjani, akatoka. Kule nyuma ya banda alitapika maji ya manjano mpaka jioni, nami nilimshika kichwa, na kila alipotapika harufu ya waridi ilinipiga usoni. Alikuwa akisema neno moja tu kati ya tapishi na tapishi: "Limelala. Mzee alisema lisilale."

Kwa mzee hakurudi. Angemwambia nini? Alijua mzee angejaribu tena, na akaona ni ukatili kumlazimisha mkono ule. Hakurudi karakanani pia. Mimi nilibaki kwa muda, nikiwa nimeshasema neno langu moja na nisijue la pili. Tulipoipeleka picha hotelini, nilimsaidia Kevo kuibeba, tukaonyeshwa mahali pa kuitundika: ujia wa kwenda vyooni, mkabala na mlango wa wanaume. Mlango ulikuwa ukifunguka na kufungika, na kila ulipofunguka kombe lilipigwa na harufu ya mikojo na dawa ya sakafu. Kevo aligonga msumari bila kuniangalia. Nilimwambia Mejumaa baadaye, sikumficha, naye akaniambia afadhali ningemficha.

Mtoto alizaliwa. Miezi yote ile Mejumaa alitembea kama aliyebeba yai kwenye kijiko, halafu mtoto akatoka mzima, mkubwa, analia kama mnadi. Tulishukuru. Habari zikamfikia Bi Zuhura, naye akaniita pale mekoni, macho yanameta. "Umeona, mwanangu? Alikunywa ya kwako na ameshika. Mkono wako una baraka. Nimefikiria tuchore kwenye vibakuli vidogo, herufi zako zile zile, tutie na chupa ya marashi, tuwauzie wageni. Na hata wanawake wa hapa wenye shida." Akanipapasa mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa marashi. Sikupata muda wa kufika nje. Nilitapika ndani ya chungu cha gundi. Bi Zuhura alikitazama chungu, akanitazama mimi, na naapa nilimwona akifikiri kama gundi ile bado itafaa. Nilichukua leso yangu nikaondoka, na sikuaga.

Siku hizi nachora vitambaa vyangu mwenyewe, nyumbani, gundi ya siku moja, na maandishi sitii. Watu huniuliza mbona kazi zangu hazina maandishi, maana wengi wameshapenda hivyo. Huwaambia sijui kuandika vizuri, nao huamini. Pale harusini, tukiwa tumesimama na moshi wa pilau machoni, Mejumaa aliniuliza swali ambalo wengine humuuliza kwa utani. "Ati mtoto amekaa kwa lipi, lako au la mzee?" Akajijibu mwenyewe. "Amekaa kwa Mungu. Lakini la mzee halikunywewa, halikuoshwa. Aliliandika kwa mikono miwili, limekaa mlangoni mwa choo." Mzee ameshafariki. Nilimuuliza tukilipata atafanya nini, maana lina vanishi, lina gundi, lina miaka ya mavi ya nzi. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Nani atalinywa? Litaoshwa, maji yake yamwagwe mahali pasipokanyagwa. Lilale sasa kwa haki yake."

Ile hoteli ilifungwa, na vitu vyake viliuzwa. Vitanda vilionekana Ukunda, viti vilionekana hata Kibuyuni, ila picha hakuna aliyeniambia ameiona. Basi wewe unayesoma, kama unayo, au umeiona kwa jirani, mgahawani, ofisini, itazame. Ni kubwa kama ubao wa mlango, majumba yake ni karatasi ya simiti, anga lake ni leso ya samawati. Yale maandishi ya manjano kutani, yaliyobandikwa baadaye, ni yangu, hayasemi chochote, usihangaike nayo. Tazama juu ya mlango wa nakshi, mistari iliyopinda, myekundu zaidi, na wa mwisho umechuruzika ndani ya ua. Hilo ni kombe la Mejumaa. Kama liko karibu na choo, lihamishe leo. Usilibandue, usilikwangue. Niandikie kupitia kwa waliochapa kurasa hizi, hata kwa mistari miwili, na usiuonee haya mwandiko wako, umeshauona wangu. Nitakujibu polepole, lakini kuja nitakuja mbio, na Mejumaa, na sahani nyeupe, na maji matupu yasiyo na marashi.